Kiwanda Kikifa, Wakala Amlilie Nani?

Mwezi Agosti mwaka 2024 wanahisa wa Mobius Motors, kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikiunda magari ya kuhimili barabara mbovu za Afrika, waliamua kampuni yao ifilisiwe kwa kuwa madeni yalikuwa yameielemea. Baadaye mwaka huo huo mnunuzi alijitokeza. Haikupita miezi sita, mwezi Januari mwaka 2025, CMC Motors, kampuni iliyofahamika Afrika Mashariki tangu enzi ilipoitwa Cooper Motor Corporation, ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake katika Kenya, Uganda na Tanzania. Ya kwanza ilikuwa kampuni ya kuunda magari. Ya pili ilikuwa kampuni ya kuyauza kwa niaba ya waundaji wa ng'ambo. Wengi walizisoma habari hizo kama habari za matajiri, kisha wakazisahau.

Sisi hatukuzisoma hivyo. Tunaona kwamba habari hizo zinawahusu watu ambao hawatajwi katika matangazo ya namna hiyo: mawakala wadogo wa mikoani na Visiwani, ambao riziki yao imefungamanishwa na jina la kiwanda wasichokijua na kilichoko katika nchi ambayo hawajawahi kuikanyaga. Yafaa basi tuulize mapema, kabla msiba haujaingia nyumbani kwetu: kiwanda kikifilisika, au kikiamua kumtupa wakala ili kijinusuru, wakala huyo ana haki gani, na ataidai wapi?

Mwenye kutaka kujua uzito wa swali hili na asimame asubuhi katika mtaa wa Soweto, jijini Mbeya. Ataona maduka ya vipuri, gereji, wauzaji wa pikipiki na wa matairi, na mafundi waliokwisha kuvaa nguo za kazi kabla jua halijapanda. Mbeya ni mji wa njiani. Malori yaendayo Tunduma na Zambia hupita humo usiku na mchana, na mkulima wa mpunga wa bonde la Usangu hufika humo kutafuta kipuri cha trekta au cha pawatila yake. Ukifuata barabara hiyo hiyo kurudi Makambako na Iringa utakuta hali ni ile ile. Biashara ya magari katika Nyanda za Juu Kusini si anasa. Mazao hayatoki shambani pasipo chombo, na chombo hakiendi pasipo kipuri.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Soweto amepewa uwakala wa kuuza matrekta na pikipiki za kiwanda fulani. Kabla hajauza hata pikipiki moja ametakiwa kujenga ukumbi wa maonyesho kwa rangi na vipimo vya kiwanda, kununua zana ambazo hazifai kwa matengenezo ya chombo kingine, kuwapeleka mafundi wake mafunzoni, kujaza ghala la vipuri, na kuweka fedha za amana. Mtaji wake haukutosha. Akakopa benki, akaiweka nyumba yake rehani. Miaka mitatu baadaye anapata barua ya ukurasa mmoja kwamba kiwanda kimefilisika na uwakala wake umekoma.

Wakati huo mtu huyu ana hasara za namna tano. Amelipia vyombo ambavyo havijafika. Ametengeneza bure vyombo vya wateja vilivyokuwa katika muda wa dhamana, naye anakidai kiwanda gharama hizo. Ana ghala la vipuri ambavyo thamani yake haijulikani tena. Ana jengo na deni la benki. Tena amepoteza kile ambacho wafanyabiashara wanakithamini kuliko vyote, yaani wateja waliozoea mlango wake. Hasara hizi zinafanana kwa mwenye kuzipata, lakini mbele ya sheria hazifanani hata kidogo.

FOLENI YA WADAI

Kampuni ikifilisika, mali yake huwekwa mikononi mwa mfilisi. Kazi yake ni kukusanya kilichobaki na kukigawa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Hapa kwetu utaratibu huo umo katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na Zanzibar ina Sheria yake ya Makampuni ya mwaka 2013. Kwa ujumla nchi nyingi hufuata mpango unaokaribiana: mwenye rehani huchukua kilicho chini ya rehani yake, gharama za ufilisi hulipwa, mishahara ya wafanyakazi na baadhi ya kodi hutangulizwa, ndipo wanapofuata wadai wasio na dhamana yoyote. Wakala husimama katika kundi hilo la mwisho. Nyuma yake wamebaki wanahisa tu.

Tena mfilisi anayo mamlaka ambayo watu wengi hawayajui. Anaweza, kwa kufuata masharti ya sheria, kuukataa mkataba wenye kuilemea mali ya kampuni. Mkataba ukikataliwa hivyo, mwenye kuumia hana nguvu ya kushurutisha uendelee. Anachopata ni jina la mdai, naye hurudi kwenye foleni ile ile. Kwa maneno mengine, wakala anaweza kuwa na haki kamili, akashinda kesi yake kwa heshima zote, kisha akapewa senti chache kwa kila shilingi anayodai, au asipewe kitu.

Kuna jambo la pili la kuangaliwa. Kampuni iliyofilisika mara nyingi haizikwi; hununuliwa. Yafaa mawakala wajue tofauti ya manunuzi ya aina mbili. Mnunuzi akinunua hisa, kampuni ni ile ile, na mikataba yake inaendelea kuifunga. Lakini akinunua mali peke yake, yaani mitambo, majengo na jina la biashara, basi madeni na mikataba ya zamani yaweza kuachwa nyuma na kampuni iliyokufa. Wakala ataliona jina lile lile likiendelea kung'aa barabarani, magari yale yale yakiuzwa na mtu mwingine, naye ataambiwa kwamba aliyeandikiana naye hayupo tena duniani.

YALIYOTOKEA MAREKANI

Haya si mambo ya kubuni. Yalitokea Marekani mwaka 2009, katika nchi ambayo mawakala wa magari wana kinga nyingi za kisheria. Tangu mwaka 1956 ilikuwapo sheria ya shirikisho iliyompa wakala haki ya kukishtaki kiwanda kisichomtendea kwa nia njema, na majimbo nayo yalikuwa na sheria zake za kuzuia uwakala usikatishwe ovyo. Chrysler ilipoomba hifadhi ya ufilisi tarehe 30 Aprili 2009, kinga hizo za majimbo ziliwekwa kando. Tarehe 14 Mei mawakala 789 walijulishwa kwamba mikataba yao itakataliwa. Tarehe 9 Juni Mahakama iliridhia. Kati ya habari na hukumu zilipita siku 26.

General Motors nayo iliomba hifadhi hiyo tarehe 1 Juni 2009, ikawaondoa mawakala zaidi ya elfu moja. Lakini njia yake ilikuwa tofauti kidogo: iliwapa muda wa kumaliza shughuli zao hadi mwaka uliofuata, pamoja na malipo fulani. Tofauti hiyo ina funzo. Kampuni zote mbili zilikuwa zimefilisika, zote mbili zilikuwa zikisaidiwa kwa fedha za Serikali ile ile, lakini moja iliona inawezekana kumpa wakala muda na malipo, na nyingine haikuona hivyo. Basi si kweli kwamba ufilisi lazima uje na ukatili. Namna ya kuachana ni jambo linaloweza kuamuliwa.

Mawakala wa Marekani hawakunyamaza. Walikwenda kwa wabunge wao, na kwa kuwa walikuwa watu wa kila mji, sauti yao ilisikika. Mwezi Desemba mwaka 2009 Bunge la nchi hiyo lilipitisha kifungu cha sheria kilichowapa haki ya kupeleka malalamiko yao mbele ya msuluhishi huru, apime maslahi ya kiwanda, ya wakala na ya wananchi wa mahali pale. Zaidi ya mawakala 1,500 waliomba kusikilizwa. Mwezi Machi mwaka 2010, kabla ya mashauri mengi kufikia mwisho, General Motors yenyewe iliamua kuwarudishia nafasi mawakala 661. Wengine waliishtaki Serikali ya Marekani wakisema kwamba mali yao imetwaliwa pasipo fidia. Kesi hiyo ilidumu miaka mingi, na mwaka 2019 Mahakama ya madai ya shirikisho iliamua dhidi yao.

Tunalolisoma katika kisa hicho ni hili. Waliopata kitu walikipata kwa sababu sheria iliwapa mahali pa kusikilizwa mapema, mbele ya mtu asiye upande wa kiwanda. Waliokwenda kudai fidia baada ya mambo kwisha walirudi mikono mitupu. Haki iliyochelewa kwa wakala ni sawa na mvua iliyonyesha baada ya mavuno.

SHERIA ZETU ZASEMAJE?

Wapo wanaodhani kwamba Tanzania haina sheria yoyote ya kumsaidia wakala. Hilo si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 73 kwamba aliyevunjiwa mkataba atalipwa fidia kwa hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, ingawa hatalipwa hasara ya mbali. Sehemu ya sheria hiyo inayohusu uwakala inaeleza kwamba, iwapo uwakala ulikusudiwa kudumu kwa muda fulani, anayeukatisha kabla ya muda huo pasipo sababu ya kutosha atalipa fidia, na kwamba ilani ya kufaa lazima itolewe. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mdai wa mkataba miaka sita ya kufungua shauri.

Hata hivyo mawakala wetu na wajihadhari na jina lao wenyewe. Anayeitwa wakala mtaani si lazima awe wakala mbele ya Mahakama. Kwa sheria, wakala ni yule anayetenda kwa niaba ya mwingine. Lakini wengi wa wauzaji wetu hununua vyombo kwa fedha zao, huviuza kwa bei na kwa hatari yao, na faida ni yao. Mtu wa namna hiyo ni mnunuzi mwenye kibali cha kutumia jina la kiwanda. Akienda Mahakamani kudai ulinzi wa wakala, kitu cha kwanza atakachoambiwa na mawakili wa upande wa pili ni kwamba hakuwahi kuwa wakala hata siku moja. Atabaki na yale tu yaliyoandikwa katika mkataba wake.

Na mkataba huo umeandikwaje? Kwa kawaida umeandikwa na wanasheria wa kiwanda, kwa lugha ya kigeni, na kifungu kimoja karibu na mwisho kinasema kwamba ugomvi wowote utaamuliwa katika mji wa mbali kwa sheria ya huko. Mfanyabiashara wa Soweto anaye jirani yake, Mahakama Kuu Masjala ya Mbeya. Lakini kwa saini yake mwenyewe amekubali kwenda kulia kwa jaji wa nchi nyingine. Sheria yetu ya Mikataba inabatilisha mapatano yanayomzuia mtu kabisa asidai haki yake mbele ya vyombo vya kawaida, lakini haibatilishi makubaliano ya kupeleka ugomvi kwa wasuluhishi. Wakala akifungua kesi hapa huku mkataba wake unataka usuluhishi, atakuta shauri lake linasimamishwa, naye ameshatumia fedha.

Hapo ndipo tunapowashauri wafanyabiashara wetu wafikirie usuluhishi kama silaha yao pia. Hukumu ya Mahakama yetu haitekelezwi ng'ambo isipokuwa nchi ile inaitambua, na utambuzi huo una mipaka. Lakini uamuzi wa wasuluhishi hutambuliwa na mataifa mengi ya dunia kwa Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964. Tunayo Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, na Kenya ina kituo cha kimataifa cha usuluhishi cha Nairobi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kwa hiyo anayeombwa kutia saini na aulize swali moja rahisi: kwa nini wasuluhishi wasikae Dar es Salaam au Nairobi?

WAKALA WA WAKALA

Tumesema juu ya mtu aliyeandikiana na kiwanda. Wengi wa Mbeya, Iringa, Unguja na Pemba hawana hata mkataba huo. Wao ni mawakala wa wakala. Mwenye uwakala wa nchi nzima yuko Dar es Salaam. Naye huwagawia wa mikoani na wa Visiwani kwa barua, mara nyingine kwa ahadi ya mdomo. Kiwanda kikifa, mkubwa huyo hupoteza haki zake, na wadogo hupoteza zao kupitia kwake. Wakienda kukidai kiwanda wataambiwa kwamba hawakuandikiana nacho. Wakimdai mkubwa wa Dar es Salaam watakuta naye ni mdai aliyeko kwenye foleni, pengine amekwisha kufunga milango.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani upo ugumu mmoja zaidi. Sheria ya mikataba si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, ya makampuni, na ya ushindani halali wa biashara, ile ya mwaka 2018, wakati Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mfanyabiashara wa Mlandege aliyeandikiana na kampuni ya Dar es Salaam, kuhusu vyombo vya kiwanda cha ng'ambo, anahusika na sheria za nchi tatu kwa wakati mmoja. Mashauri ya namna hiyo yanaweza kukutana mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ni moja kwa pande zote mbili. Lakini njia ya kufika huko ni ndefu, na mwenye duka halipi kodi ya pango kwa matumaini ya rufani.

Hasara hii haiishii kwa mwenye duka. Mafundi aliowafundisha hutawanyika. Mkulima aliyenunua trekta hukosa kipuri msimu wa kulima umefika. Ofisi ya Serikali iliyonunua magari kwa kuamini dhamana ya kiwanda hukuta dhamana hiyo haina tena wa kuitimiza, na gari huegeshwa nyuma ya jengo likiota kutu. Wazee wanakumbuka magari ya Bedford na Leyland yaliyojaa katika barabara zetu. Kampuni ya AWD, iliyonunua kiwanda cha malori ya Bedford, ilifilisika mwaka 1992. Leyland DAF iliwekwa chini ya wapokeaji mali mwezi Februari mwaka 1993. Viwanda vyenye majina makubwa hufa kama wafavyo wanadamu. Kinachotakiwa ni wosia.

FUNZO KUTOKA GHUBA

Katika kutafuta dawa, yafaa tutazame kwa majirani zetu wa ng'ambo ya bahari ambao Visiwani wanawafahamu vizuri. Oman ilitunga sheria ya mawakala wa biashara mwaka 1977, na Falme za Kiarabu zikatunga yao mwaka 1981. Msingi wake ulikuwa wakala aandikishwe Serikalini, na aliyeandikishwa asiondolewe pasipo sababu nzito. Sheria hizo zilijenga nyumba nyingi za biashara zenye nguvu. Mmiliki wa CMC Motors tangu mwaka 2014, kampuni ya Al-Futtaim, ni mojawapo ya nyumba za Dubai zilizokua katika biashara ya namna hiyo.

Lakini nchi hizo zenyewe ziligundua kwamba kinga ikizidi hugeuka ukuta. Wakala asiyeweza kuondolewa hana haja ya kushusha bei wala kumhudumia mteja kwa adabu. Oman ilipunguza baadhi ya kinga hizo mwaka 2014, na Falme za Kiarabu zikapitisha sheria mpya mwaka 2022 inayomruhusu mwenye bidhaa kuachana na wakala muda wa mkataba unapokwisha, mradi atoe ilani. Nasi Tanzania tuna kumbukumbu zetu. Tangu mwaka 1974 uingizaji wa magari uliwekwa chini ya shirika moja la umma, na waliokuwapo wakati huo wanajua namna wananchi walivyosubiri. Hatupendekezi turudi huko, wala hatutaki mawakala wawe masultani. Tunataka wapewe kiasi cha kinga ambacho mtu muungwana angekitoa hata bila ya kulazimishwa.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa wakuu wa Serikali zetu mbili tunapendekeza mambo manne. La kwanza, mikataba ya uwakala wa magari, matrekta na pikipiki iandikishwe, Bara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na Zanzibar kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, ili ijulikane nani ameandikiana na nani na kwa masharti gani. Mawakala wadogo nao waandikishwe, kwa maana wao ndio wanaosahauliwa.

La pili, sheria iweke masharti ya chini ambayo hayaondolewi kwa saini: ilani ya kutosha, wajibu wa kuvinunua tena vipuri visivyouzwa, na haki ya kusikilizwa hapa nchini. La tatu, amana ya wakala mdogo isichanganywe na fedha za biashara za wakala mkubwa. Iwekwe katika akaunti ya peke yake, ijulikane kuwa ni fedha ya mtu mwingine, ili siku ya ufilisi irudi kwa mwenyewe badala ya kugawiwa wadai. Hili halihitaji fedha za Serikali hata senti moja.

La nne, ufilisi unaovuka mipaka upatiwe utaratibu wa pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uganda iliweka masharti yanayohusu jambo hilo katika sheria yake ya mwaka 2011, na Kenya katika sheria yake ya mwaka 2015. Kampuni zinafanya kazi katika nchi tatu kana kwamba ni nchi moja. Zinapokufa, isiwe kila nchi inazika kipande chake peke yake na wadai wanakimbizana mipakani.

Mawakala wenyewe nao wasikae wakingoja sheria mpya. Wakala na asilipe fedha taslimu miezi mingi kabla ya kupokea chombo. Atumie utaratibu wa benki ambao malipo hayatoki mpaka hati za kupakia zimeonyeshwa. Akilipa, ahakikishe namba za vyombo alivyolipia zimeandikwa, kwa maana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humtofautisha mwenye chombo kinachojulikana na mwenye ahadi ya chombo chochote. Vipuri vingine avipokee kwa kuuza kwanza na kulipa baadaye, vikiwa bado mali ya kiwanda. Aweke katika mkataba haki ya kukata anachokidai kiwanda kutokana na anachodaiwa. Asiiweke nyumba ya familia rehani pasipo kuelewana na mwenzake wa ndoa; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeiwekea nyumba hiyo kinga, na kinga hiyo ina hekima.

Na ikiwa msiba umekwisha kutokea, asikae nyumbani akilalamika. Apeleke madai yake kwa mfilisi kwa maandishi ndani ya muda uliotangazwa, akiambatanisha stakabadhi zote, hata kama anajua atapata kidogo. Aulize mnunuzi mpya amenunua hisa au mali. Ajiunge na wenzake, maana barua ya mawakala ishirini kutoka Mbeya, Iringa, Unguja na Pemba husomwa, na barua ya mmoja huwekwa kando.

Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Viwanda vikubwa huzunguka dunia vikitafuta masoko, vikifilisika vinarudi mikononi mwa wafilisi wao. Lakini mfanyabiashara wa Soweto hana pa kurudi ila Soweto, na wa Mlandege hana ila Mlandege. Wao ndio waliojenga soko lile, wakalitunza jina lile lisilokuwa lao. Haki yao iandikwe leo, kiwanda kikiwa kingali hai na chenye uwezo wa kuiheshimu.